Barabara ya Nyabitare Ambayo Ramani Haikuiona

Watu wanne wamekwisha kuniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, iwapo ni kweli kwamba mimi na Célestin tulirushwa na gari juu ya korongo tukatua upande wa pili tukiwa salama. Si kweli. Hatukurushwa. Korongo lilikuwa na daraja, na gari lilipita juu yake kwa magurudumu yote manne. Mwenye kueneza habari hizo ni Célestin mwenyewe, ambaye kila akisimulia korongo huongezeka kina. Kwa kuwa mlioniuliza ni rafiki zangu, na kwa kuwa habari isiyoandikwa huota mkia, naandika hapa yale niliyoyaona. Nisiyoyaona nitasema sikuyaona.

Gisenyi: mbele ya kioo cha kompyuta

Dada yangu Dafroza anaishi juu ya kilima cha Nyabitare, kusini ya Karongi, mwendo wa siku nzima na zaidi kutoka hapa kwetu kwa mtu asiye na gari lake. Binti yake, Vestine, alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa mimba ya pili. Alipojifungua mara ya kwanza, gari la wagonjwa liliitwa, likaja, likasimama chini kwenye barabara ya lami. Majirani walimbeba kwa ingobyi, yaani kile kitanda cha kusuka kinachochukuliwa mabegani na wanaume wanne, wakateremka naye katika mvua. Mtoto alizaliwa njiani, na hakuishi.

Mwezi mmoja kabla ya safari yangu, Dafroza alinipigia simu. Wananchi wamemaliza kuchimba barabara ya gari, akasema, kutoka kwenye lami hadi mlangoni pa zahanati mpya.

"Basi safari hii gari litapanda," nikamwambia.

"Halitapanda, kaka. Madereva wanasema barabara haipo."

"Haipo wapi?"

"Kwenye simu zao."

Dada yangu ni mkweli, lakini ukweli wake hauna dira wala futi kamba. Nikaenda kwa Espérance, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtaalamu katika ofisi moja ya ramani hapa mjini. Espérance ana ndugu ng'ambo ya mpaka, Goma, na Kiswahili chake ni cha huko. Nilikwisha kuacha kumsahihisha tangu alipokuwa kidato cha tatu. Akafungua programu, akaniwekea kiti.

Nakiri kwamba nilifurahi kama mtoto. Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi nikitumia ramani moja ya karatasi iliyotoboka hapa hapa petu, kando ya Ziwa Kivu, kwa sababu kila mwanafunzi alitaka kuweka kidole alipozaliwa. Hii ya Espérance haitoboki. Barabara kuu ilipita kando ya ziwa kama uzi wa manjano, imekatwa vipande. Ukibofya kipande, kinageuka rangi ya chungwa, na jedwali linafunguka ubavuni: namba yake, urefu wake, upana wake, kama ni lami au udongo, na alama zote zilizo kando yake, yaani shule, kanisa, soko, daraja. Nilibofya kutoka Gisenyi hadi Karongi bila kunyanyuka.

"Sasa, Mwalimu, angalia," alisema tulipofika kusini. "Zahanati ya Nyabitare njo hii."

Alama nyekundu ilikuwa juu ya lami, penye kona. Kilima kilichokuwa nyuma yake hakikuwa na mstari hata mmoja.

"Haipo hapo," nikasema. "Ipo juu ya kilima."

"Wewe umeiona?"

Hilo ndilo swali nililowauliza wanafunzi wangu mpaka wakalichukia. Nilipomtembelea dada yangu mara ya mwisho, zahanati ilikuwa bado haijajengwa.

"Sijaiona."

"Bon. Basi na mi siwezi kuigusa." Akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyesubiri miaka ishirini. Kisha akaacha kutabasamu. Nakala mpya ya ramani, ile itakayopakiwa katika magari ya wagonjwa ya upande ule, ingefungwa Jumatano baada ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nyingine ingetoka baada ya miezi mingi. Alama haihamishwi kwa simu wala kwa barua. Inahamishwa kwa picha ya jengo na kwa nyayo, yaani mstari wa alikopita mtu au gari, zilizorekodiwa mahali penyewe na kifaa cha ofisi.

"Mutu aende pale na hiki kifaa," alisema. "Kama nyayo ziko, ramani itakubali."

Vestine alikuwa na wiki chache tu mbele yake. Nikasema nitakwenda mimi.

Gisenyi hadi Rutsiro: barabara iliyokuwa tupu

Célestin ni jirani yangu, dereva mstaafu wa malori. Mwajiri wake wa mwisho alimwambia kwamba amezeeka, na tangu siku hiyo anatembea na leseni yake katika mfuko wa shati kama mtu anayetarajia kuitwa. Aliposikia ninakokwenda, alitokea mlangoni pangu na begi.

"Mwalimu, we utapotea. Mi najua ile njia na macho ya kufunga."

Nikamjibu kwamba macho yaliyofungwa ndiyo hasa ninayoyaogopa. Akaja hata hivyo.

Tulipanda basi alfajiri ya Jumamosi. Kifaa kilikuwa mapajani mwangu, na barabara yote mbele yetu ilionyeshwa kwa rangi ya kijani, maana yake hakuna msongamano. Nilimwonyesha Célestin.

"Ni Jumamosi ya mwisho, Mwalimu," alisema.

"Ndiyo maana iko tupu. Tutafika mapema."

Mnaojua nchi hii mmekwisha kucheka. Tulipovuka mashamba ya chai na kuingia Rutsiro, wazee watatu walisimama katikati ya lami wakiwa na majembe, na basi likazimwa. Ilikuwa siku ya umuganda, ambayo kila mtu mwenye nguvu hutoka kufanya kazi ya pamoja na hakuna gari linalokwenda mpaka kazi iishe. Barabara ilikuwa tupu kweli, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa imeinama mtaroni. Mimi, niliyefundisha kalenda, nilikuwa nimesoma rangi ya kijani nikasahau tarehe.

Abiria wote walishuka, wakapewa jembe. Célestin alibaki kitini, akajifunika kofia usoni.

"Huyu mzee vipi?" akauliza kiongozi wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni.

"Mi niko mugonjwa wa mugongo, mama," Célestin alijibu chini ya kofia.

"Mgongo unaoweza kukaa ndani ya basi kutoka Gisenyi unaweza kuzoa majani. Shuka, mzee wangu, ardhi haitakuuma."

Alizoa majani. Nami nilizibua mtaro pamoja na mwalimu kijana wa hesabu aliyetaka kujua kwa nini nimekumbatia simu kubwa kiasi kile hata mtaroni. Nilipomweleza, aliwaita wenzake, na kwa muda wa robo saa majembe yalisimama huku watu wa Rutsiro wakitafuta nyumba zao. Mwanamke mmoja aliona kwamba kanisa lake limewekwa upande usio wake wa barabara, akanikasirikia mimi. Nilimwambia kwamba mimi si ofisi. Akasema mtu anayebeba ramani ya uongo ana sehemu yake katika uongo huo. Ilipofika saa tano na nusu filimbi ikapulizwa, basi likawashwa.

Karongi: sambaza wasiovuliwa

Tulifika Karongi mchana umekwisha kuzeeka. Kifaa kilituonyesha alama ya mgahawa ulioandikwa kwamba sifa yake ni sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu wanaokaangwa na kuliwa wazima wazima. Tulikaa ukumbini tukitazama ziwa, tukaagiza sahani mbili za sambaza, na tukasubiri saa nzima. Kisha tukasubiri nyingine.

Nilimwita mhudumu. "Binti yangu, hao sambaza wanatoka wapi?"

"Ziwani, mzee."

"Leo?"

Akatazama chini. "Ziwani hakuendwi wiki hii. Mwezi ni mpevu."

Ndipo mvuvi aliyekuwa meza ya pili alipotueleza kwamba sambaza huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa, mwanga hutawanyika, samaki hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi hukaa ufukoni.

"Kwa nini hukutuambia tangu mwanzo?" nikamwuliza mhudumu.

"Mlikuwa mmefurahi sana," alisema.

Tulikula viazi, maharage na isombe, yaani kisamvu cha huku, na tulikula vizuri. Célestin aliongeza mishikaki ya nguruwe. Alipomaliza, alifuta mikono, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mwalimu, kama ile barabara haiko?"

"Dada yangu amesema ipo."

"We huamini batu. Leo unaamini dada?"

Nilimwambia kwamba ndiyo sababu ya safari. Lakini usiku niliiwasha tena ramani nikakitazama kilima kisicho na mstari, kwa kuwa mtu anaweza kuita barabara kitu chochote alichokichimba kwa mikono yake.

Chini ya Nyabitare

Jumapili tulishuka basi kwenye kona ileile niliyoiona kwenye kioo. Palikuwa na mkaratusi mmoja, jiwe pana, na nyasi zilizolazwa kwa kukaliwa. Zahanati haikuwapo. Nilipiga picha ya mahali pasipokuwa na kitu, na nadhani hiyo ndiyo picha niliyoipiga kwa uangalifu zaidi katika maisha yangu.

Nyuma ya mkaratusi, ilianza barabara. Ilikuwa nyekundu, pana kiasi cha gari moja na nusu, mitaro pande zote, magogo yaliyolazwa vizuri penye korongo. Célestin aliinama, akashika udongo, akaupondaponda vidoleni.

"Hii njo barabara," alisema polepole. "Hii iko barabara kabisa."

Huko watu husema Kinyarwanda, na maneno yao ninayoyaandika nimeyafasiri. Tulimwuliza mama aliyetoka kanisani ni umbali gani hadi zahanati. "Ni hapo tu," alisema. Baada ya nusu saa tulimwuliza mwingine. "Mmefika. Ni hapo." Kwa desturi yetu, aliye njiani havunjwi moyo, na ndiyo maana mimi sijawahi kuuliza umbali ila kwa adabu. Tulipanda saa moja na dakika ishirini. Vestine alitupokea nje ya zahanati, mkono mmoja kiunoni.

"Mjomba, umechoka."

"Sijachoka. Nilikuwa nikikagua."

Alicheka. Kisha akauliza, bila kucheka, "Watakuja safari hii?"

Nilimwambia kwamba nitamjibu Jumatano.

Juu ya kilima: nyayo zangu

Jumatatu asubuhi nilipiga picha ya zahanati, nikateremka hadi kwenye lami, nikawasha kifaa, nikaipanda barabara yote kwa miguu tena, peke yangu, nimeshika kifaa mbele ya kifua kama mtu anayebeba yai. Juu penye mtandao nilituma nyayo zangu kwa Espérance, nikaketi na bakuli la maziwa mgando kungojea pongezi.

Alinipigia baada ya muda mfupi. "Mwalimu, umetembea muzuri. Zahanati imeshahama, iko juu sasa. Lakini barabara, mashine inasema ni njia ya miguu. Imechora vidotidoti."

"Kwa nini?"

"Mwendo wako. Gari haiwezi kwenda polepole vile. Tena umesimama mara kumi na moja."

"Nilikuwa nikivuta pumzi."

"Njo vile. Mashine haijue mambo ya pumzi. Na nikiacha vidoti, gari ya wagonjwa itaona zahanati kule juu na itaambiwa iegeshe chini. Inatakiwa gari ipande, Mwalimu. Gari ya magurudumu ine."

Maziwa yaligeuka maji kinywani mwangu. Zilibaki siku mbili.

Kwa kukosa la kufanya nilifungua tabaka moja la ramani ambalo Espérance alinionyesha, lile linalokusanya nyayo za magari yote yaliyopita. Nyayo za magari ya wagonjwa zilikuwa pale, kama nywele za bluu, miaka kadhaa ya nywele. Zote, bila hata moja kukosa, zilitoka hospitalini, zikafika kwenye kona ya mkaratusi, zikakaa, zikarudi. Zahanati ilipojengwa, mashine iliona magari yanayoitwa huko yakikoma pale. Ikahitimisha kwamba zahanati ipo pale.

Nilimwonyesha Sebahire, mkuu wa chama cha wabebaji wa ingobyi, mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala.

"Hapo ndipo tunapowapokea," alisema.

"Kabla ya barabara kuchimbwa, naelewa. Na baada ya kuchimbwa?"

"Hata sasa. Tukisikia simu imepigwa, tunambeba mgonjwa tunateremka."

"Lakini Sebahire, barabara ipo! Kwa nini hamumwachi dereva apande?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Mwalimu, dereva wa hospitali ni mgeni wetu. Ametoka mbali kwa ajili yetu. Mgeni akifika mlangoni hajakutana na mtu njiani, si atasema wenyeji wamekufa? Tulichimba barabara ili apande akitaka. Kumwambia apande, hiyo si heshima."

Nimeishi nikiwaambia watu waamini chombo wasiamini midomo, na hapa chombo hakikudanganya hata kidogo. Kilirekodi kwa uaminifu mkubwa adabu ya watu wa Nyabitare, kikaiandika kama jengo. Na dereva mpya alipoambiwa na kioo kwamba mbele hakuna barabara, hakuwa na sababu ya kutoamini, kwa kuwa mgonjwa aliletwa chini kila mara.

Jumanne: magurudumu manne

Kwenye kituo cha biashara kilichopo kando ya lami kulikuwa na pikapu moja tu, ya Mama Odette, muuza saruji na mabati. Dereva wake alikataa. Alitoa simu, akaniwekea usoni. "Ona mwenyewe, mzee. Hakuna barabara pale."

"Geuza shingo yako," nikamwambia. "Ile nyekundu ni nini?"

"Simu inasema hakuna."

Célestin alisogea, akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa leseni, akamkabidhi Mama Odette kwa mikono miwili. "Mama, mi nimeendesha lori Goma, Bukavu, Kigali, wakati huyu alikuwa anaendesha kopo. Unipe ufunguo."

Mama Odette aliisoma leseni, akasoma na uso. "Una miaka mingapi?"

"Iko imeandikwa."

"Nimeiona. Nataka kusikia kama utaisema."

"Makumi sita na nane."

"Mume wangu ana hamsini na hawezi kurudisha gari nyuma," alisema Mama Odette, akampa ufunguo. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba apande naye, akae mlangoni, ili kama gari litaanguka yeye awe wa kwanza kuruka.

Nilikaa katikati nikiwa na kifaa. Tuliianza barabara vizuri. Célestin alikuwa mtu mwingine nyuma ya usukani: kimya, mgongo wima, mikono laini. Tulipita kona ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu tukakuta kijiji kizima kimesimama katikati ya njia. Dafroza alikuwa mbele yao na mtungi wa maziwa.

Walikuwa wamekuja kutupokea.

Tulisimama, tukasalimiana, tukakumbatiana. Baada ya mita mia, wengine. Baada ya daraja la magogo, kwaya. Nilipochungulia kifaa nilihesabu vituo saba, na mwendo wa gari ulikuwa chini ya ule wa miguu yangu ya jana.

"Mwalimu," Célestin alisema, bakuli la maziwa mkononi, "sasa mashine itasema hii ni ng'ombe."

Nilishuka. Nilisimama juu ya tuta la mtaro, na kwa sauti niliyokuwa nikitumia uwanjani asubuhi za Jumatatu, niliwaambia watu wa Nyabitare kwamba nawashukuru, kwamba katika maisha yangu sijapokewa hivi, na kwamba kila anayenipokea anamfungia Vestine barabara. Vestine mwenyewe alikuwa mlangoni pa zahanati, juu yetu, akitazama.

Sebahire aliuliza, "Sasa tukae wapi?"

"Nyuma ya mtaro. Pungeni mikono. Msiteremke."

"Hata kusalimia?"

"Mtatusalimia juu."

Ilikuwa amri ngumu. Niliona mama mmoja akimshika mwenziwe kanga asije akasahau. Tukageuza, tukateremka hadi kwenye mkaratusi, nikawasha kifaa upya.

Safari hii gari halikusimama. Célestin aliingiza gia ya pili pale ambapo mimi ningeingiza ya kwanza, akaliacha gari lipumue kwenye mteremko mfupi kabla ya korongo, akapita juu ya magogo bila kuyaamsha. Pande zote mbili, nyuma ya mitaro, watu walisimama kama uzio na mikono hewani, hakuna aliyetoa sauti, kana kwamba wanatazama mtu anayevuka kamba. Mama Odette alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, na hakuruka. Kona ya mwisho, changarawe, geti la zahanati. Célestin alivuta breki ya mkono.

Ndipo walipopiga kelele, na sidhani kama ziwa halikusikia.

Jumatano

Espérance alipiga simu saa nne asubuhi, kabla nakala haijafungwa. Hakusalimia.

"Mwalimu, fungua ramani."

Nilifungua. Uani pa dada yangu palikuwa na watu wasiopungua thelathini, na wote walitaka kuona kioo kimoja. Kutoka kwenye mkaratusi mstari ulitoka, mzima, bila vidoti, ukapinda palepale tulipopinda, ukavuka korongo, ukafika kwenye alama nyekundu juu ya kilima. Nilibofya. Ukageuka rangi ya chungwa. Nikasoma jedwali kwa sauti, nikifasiri: kipande kipya, udongo, magari hupita mwaka mzima, daraja moja, zahanati moja.

"Rudia," alisema Sebahire. Nikarudia. Walipiga makofi kwa kila safu, na kwa "udongo" walipiga zaidi, kwa kuwa udongo huo waliuchimba wao.

Nilimgeukia Vestine nikamwambia, "Watakuja."

Lakini mstari kwenye kioo ni ahadi tu. Célestin alirudi Gisenyi na habari zake, kama mjuavyo. Mimi nilibaki. Sikutaka kusimuliwa.

Siku ya tisa baada ya Jumatano ile, asubuhi, uchungu ulianza. Muuguzi alipiga simu. Nilichukua kigoda, nikakaa getini na saa yangu. Wabebaji, bila kuambiwa na mtu, walikuwa wamekwisha kunyanyua ingobyi tupu na kuteremka, kwa kuwa miguu yao iliijua simu ile kuliko masikio. Hakuna aliyekumbuka kuwazuia, hata mimi.

Baada ya dakika arobaini nilisikia injini. Haikuzimika chini. Ilibadilisha gia, ikaendelea, ikawa kubwa zaidi, na gari jeupe likatokea kwenye kona ya mwisho. Nyuma yake, mbali kidogo, walikuja wanaume wanne wakikimbia na kitanda kitupu mabegani.

Dereva alikuwa kijana nisiyemjua. Nilimwuliza kabla hajafunga mlango, "Nani amekuelekeza?"

"Hakuna, muzehe. Nimefuata mstari. Kuna wanaume walinipungia mkono pale chini, nami nikawapungia. Watu wa huku wana adabu sana."

Vestine alicheka katikati ya maumivu yake. Kisha akatembea kutoka mlangoni hadi garini, hatua kama ishirini, akapanda kwa miguu yake mwenyewe.

Sebahire alifika akihema, akaweka ingobyi chini. "Ametupita!" alisema. "Ametupita kama miti!" Alitazama mlango wa gari ukifungwa, akafikiri, akawageukia wenzake. "Kumpokea kumetushinda. Basi tumsindikize."

Wakainyanyua tena, na gari liliposhuka walikimbia nyuma yake, wakiimba, mpaka kwenye lami.

Siku iliyofuata, hospitalini, nilimbeba mtoto mimi mwenyewe: msichana, mwenye nywele nyingi, akilia kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia.